Pini Mdomoni

Mimi ni fundi viatu, na kanisani huingia kwa sababu mbili tu, harusi na mazishi, kwa hiyo asije mtu akadhani nataka kuhubiri. Nataka kumsimulia jirani yangu wa kazini, fundi cherehani, mwanamke niliyekaa naye baraza moja mpaka wageni wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Yeye alikaa upande wa mlango, penye mwanga. Mimi nilikaa upande wa mfereji, penye harufu. Alinipangia hivyo siku ya kwanza nilipofika na kasha langu la kazi, na sikubisha.

Abishane naye nani? Sokoni alijulikana kwa jina la Wembe. Mimi waliniita Gundi, kwa sababu ya kazi, basi wachuuzi wakapata la kuchekea: pale barazani mmoja anakata, mwingine anabandika. Na kweli, mteja akitoka kwake amevimba kwa hasira, mimi ndiye niliyempoza kwa maneno matamu na kumwangalizia kisigino bure. Ulimi wake ulikwenda kama cherehani yake, na aliweza kuviendesha vyote viwili kwa pamoja bila kukosea mshono. Siku moja mama mmoja mwenye mwili wake alileta kitambaa, akataka gauni la kumbana. Wembe akakikunjua kile kitambaa, akamtazama mwenyewe juu mpaka chini, akasema, "Mama, wewe si wa kubanwa na kitambaa. Wewe ni wa kubanwa na mlango." Tuliangua kicheko baraza zima. Mama wa watu akachukua kitambaa chake akaenda zake, na hatukumwona tena.

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyemlea peke yake palepale barazani, katikati ya vipande vya nguo na gundi yangu. Mimi aliniita mjomba. Binti alipopata mchumba, mama alinunua kitambaa cheupe kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika, akasukuma kando kazi za watu, akashona. Siku ya kujaribu gauni walikuja wakwe watarajiwa, mama mkwe na shangazi za bwana harusi, wakakaa kwenye benchi katika chumba kidogo cha kujaribia nguo, nyuma ya baraza. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeleta viatu vya bibi harusi.

Gauni likagoma kufunga. Wembe akazungusha futi yake ya kupimia kiunoni kwa binti, akaisoma, akamtazama usoni, akapima tena. Hapo ndipo angenyamaza. Fundi mwingine yeyote angesingizia kitambaa. "Makubwa!" akasema. "Nimepima mtu mmoja, nimepata wawili. Haya, mwenye mzigo wake ni wa ukoo huu, au tukamtafute kwingine?"

Mimi namjua, hakukusudia kumwangamiza mtoto wake. Mzaha ulipita mbele yake, mzuri, akashindwa kuuacha uende. Lakini safari hii hakucheka mtu. Binti alivua lile gauni, akalikunja taratibu, akaliweka juu ya cherehani, akavaa nguo zake, akanipita pale mlangoni macho makavu. Aliolewa na kijana yuleyule, kwa gauni la kuazima, na mama yake hakualikwa. Wakahamia ng'ambo ya reli. Tukasikia kwa watu kwamba mtoto amezaliwa, wa kike. Wembe hakwenda. Alisema binti ndiye aje, yeye ni mama, hawezi kumfuata mtoto aliyemzaa. Alisema hivyo kila alipoulizwa, na baadaye hata asipoulizwa.

Kilichomvunja ni homa. Nilikuwa nimesafiri kumzika kaka yangu, baraza limefungwa, na yeye akalala chumbani kwake siku baada ya siku, hawezi hata kujichotea maji. Majirani walipita chini ya dirisha lake wakipiga soga, akawasikia, na hakuna aliyegonga. Si kwamba ni watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na kidonda chake alichoachiwa na Wembe, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda kumwona.

"Nilitafuta kichwani jina la mtu wa kumwita," aliniambia niliporudi, amekonda shingo imebaki mishipa. "Sikulipata, Gundi. Nikamwita Mungu kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwita."

Nikamwambia hiyo ni homa tu, itapita. Homa ikapita kweli, lakini yeye akaanza kwenda kwenye lile kanisa dogo nyuma ya soko, akawa anakaa benchi la mwisho, peke yake, kwa maana hata kule walikuwapo wateja wake wa zamani. Mwinjilisti wa pale alikuwa kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Asubuhi moja Wembe akaja kazini uso umebadilika.

"Nimepata neno langu," akasema.

"Neno gani?"

"Kiasi."

"Kiasi cha nini? Cha sukari?"

Akanitazama jicho pembe. Akanieleza kwamba mwinjilisti alisoma yale matunda ya Roho, yakatajwa mazuri mengi ambayo yeye hakuyasikia vizuri, mpaka likaja la mwisho, kiasi, likampiga kifuani. "Hicho ndicho nilichokosa maisha yangu yote," akasema. "Mdomo wangu hauna kiasi. Kuanzia leo nasema kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

Sasa hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna kati yetu aliyeliona, kwa sababu ndivyo tunavyolisema kila siku. Unaulizwa una njaa, unajibu kiasi, yaani kidogo. Umelala vizuri? Kiasi. Mwenyewe akaona kama kidogo ni kizuri, basi bila kabisa ni kizuri zaidi.

Mafundi cherehani wana tabia ya kubana pini midomoni wakiwa na kazi ya mikono miwili. Yeye akazifanya kufuli. Asubuhi akifika alipiga magoti nyuma ya cherehani, akaomba, akajipangusa magoti, kisha akabana pini safu nzima kati ya midomo, na hapo basi. Mteja akieleza anachotaka, yeye anaitikia kwa kichwa. Akitaka kuuliza urefu, anaonyesha kwa mkono. Watu walikuja kumchokoza makusudi, waone kama Wembe kweli amefungwa. Wakarudi wameduwaa.

Na nisiseme uongo, mambo mengine yalinyooka. Aliacha kulala mpaka jua likamkuta. Alifunga na kuomba kila wiki bila kumtangazia mtu, mimi nilijua kwa kuwa siku hizo hakugusa chai yangu. Nguo aliyoahidi Alhamisi ilitoka Alhamisi, na hilo kwa fundi cherehani ni muujiza unaokaribia ule wa kutembea juu ya maji. Wateja walirudi. Vipande vilivyobaki, ambavyo zamani alivitupa au kuniuzia nifutie rangi ya viatu, sasa alivishona vinguo vya watoto wachanga, vidogo kama kiganja, na mwinjilisti akavipeleka hospitali kwa akina mama waliojifungua bila kitu mkononi. Aliwahi kunionyesha kimoja, akatoa pini, akasema, "Zamani nilishona nipate kula. Sasa najua kwa nini nimepewa mikono," akazirudisha. Hakunieleza kwa nini alichagua watoto wachanga, nami sikuwa mjinga wa kuuliza.

Lakini jamani, ule ukimya! Wateja walikuja, wakapimwa, wakaondoka. Hakuna aliyekaa, utakaa na nani? Nilimsimulia mambo ya kuvunja mbavu, akatikisa kichwa. Sokoni wakabadilisha jina, wakamwita Bubu. Alikula peke yake akiwa amegeukia ukuta, akarudi chumbani kwake peke yake, akaja kesho hivyohivyo. Mimi nina chumba changu, mke wangu alishatangulia, watoto wako mbali, na maneno ya barazani ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya siku nzima. Nilimkumbuka Wembe. Haki ya Mungu, nilitamani anitukane.

Siku moja nikamchokoza mwenyewe. Nikamwambia gauni aliloning'iniza mlangoni limekaa kama gunia la mkaa. Macho yakamwaka. Niliona jibu likipanda kutoka tumboni, likafika shingoni, pini zikacheza. Akalimeza. Machozi yakamlengalenga, akainamia kazi. Nikajiona mshenzi, nikamtengea chai, na chai ikapoa.

Basi tukaishi hivyo mpaka asubuhi ile binti alipokuja.

Nilimwona yeye kwanza, ng'ambo ya barabara, amemshika mkono mtoto wa umri wa kuanza shule. Alisimama pale kwa muda mrefu kana kwamba barabara ina magari mengi, na haikuwa na gari. Mwishowe akavuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Akamgeukia mama yake. "Shikamoo."

Fundi aliinamisha kichwa. Pini mdomoni.

"Nimemleta mtoto apimwe sare. Anaanza shule."

Yule mama alishuka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya mjukuu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Akapima mabega. Akapima kifua, mkono, urefu. Futi ikamponyoka, na alipoiokota akarudi kwenye mabega akayapima upya, polepole, ingawa alishayapima. Mtoto akamchungulia mdomo. "Mama, mbona huyu anakula misumari?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yao. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama. Nimekuja."

Mimi nilikuwa nimeshika nyundo hewani. Moyoni nasema sema, sema, sema sasa. Fundi aliinua uso, umelowa wote, na midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe. Akaitikia kwa kichwa. Akachukua chaki, akaandika vipimo juu ya meza.

"Kumbe bado umeninunia," binti akasema. "Sawa. Nilijidanganya." Akamshika mtoto mkono, wakavuka barabara, na safari hii hakusimama.

Nikatupa nyundo chini. "We mwanamke una wazimu?" nilipiga kelele mpaka muuza mkaa akatoka nje. "Mtoto amekuja kwa miguu yake! Amekuita mama! Ungemwambia hata karibu! Hata kaa! Dini gani hii?"

Akatoa pini moja moja, akaziweka kwenye kopo. Midomo ilikuwa na vitone vya damu. "Niliogopa, Gundi," akasema. "Sijaufungua mdomo huu mbele yake tangu siku ile. Sijui humu ndani kumebaki nini. Nikifungua, na kitoke kile cha zamani, je?" Akajifunika uso kwa kile kitambaa cha sare, akalia kama mtu aliyefiwa.

Mwinjilisti aliingia mchana kuchukua vile vinguo vya watoto, akatukuta hivyo. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia yeye na kiasi chake ndio waliomharibu mwanamke wa watu, kwamba nilikuwa na jirani mwenye ulimi akanirudishia kinyago. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akavuta kigoda changu akakaa.

"Mama," akamwambia, "ulielewa nini niliposoma kiasi?"

"Kidogo. Niseme kidogo."

"Nikikwambia utie chumvi kiasi kwenye mchuzi, ukaacha kutia kabisa, umenisikia?"

Akafikiri. "Hapana. Utakuwa chapwa."

"Na ukimimina kopo zima?"

"Haunyweki."

"Basi kiasi ni kile kinachotakiwa. Siku nyingine ni chembe, siku nyingine ni kijiko. Maana yake ulimi uko mkononi mwako, wewe si mtumwa wake. Ulimi uliofungwa kwa pini bado ni bwana wako, mama, umemfungia ndani tu." Akavua miwani akaifuta, akahangaika na ule waya. "Lakini na mimi nimekosa. Nilikuona umenyamaza mwaka baada ya mwaka, nikafurahi, nikajisemea huyu amekuwa mtakatifu. Sikukuuliza hata siku moja kama una mtu wa kuzungumza naye."

Fundi akaokota kile kitambaa cha sare, akakinyoosha juu ya meza. Jioni akaniambia atapeleka ile sare mwenyewe, Jumamosi.

Wiki ile tulifanya mazoezi. Naam, mazoezi, kama kwaya. Alikuwa akishona ile sare ndogo, mimi nikigonga visigino, na yeye akijaribu kuomba radhi. Lo! Kila alipoomba radhi, radhi ilitoka na mkia. "Nisamehe mwanangu, lakini na wewe ungenieleza mapema." Kata lakini, nikamwambia. "Nisamehe, ingawa nilipougua hukuja." Kata ingawa. "Nisamehe kama nilikuudhi." Kama? Wewe unajua ulimuudhi! Alinirushia bobini ya uzi, akaniita mzee wa visigino vilivyopinda, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa, kwa furaha ya kutukanwa. Kisha anainamisha kichwa juu ya cherehani, midomo inacheza, najua anaomba, anaanza tena. Ijumaa ikaisha na mkia bado upo.

"Twende wote," akaniambia. "Nikianza kuharibu, nikanyage mguu."

Tukavuka reli Jumamosi alasiri. Nyumba yenyewe ni safu ya vyumba, mlango wa kijani, kamba ya nguo mbele. Alisimama pale akashusha pumzi, akagonga. Binti akafungua, akatuona, akabaki ameshika mlango.

"Nimeleta sare," fundi akasema. "Na nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuaibisha mbele za watu siku yako. Kosa ni langu."

Nikasubiri mkia, mguu wangu tayari. Haukuja. Alikomea pale, mikono imeshikilia ule mfuko wa sare.

Binti hakulia, wala hakumkumbatia. Alifungua kinywa, na mimi nikamtambua mara moja huyu ni mtoto wa nani. "Kosa ni lako," akasema. "Unalijua kosa lenyewe? Shangazi zake walinihesabia miezi kwa vidole. Mume wangu alikuwa akiulizwa kila Jumapili kama ana uhakika. Walinyamaza siku mtoto alipotoka na sura ya baba yake, na mimi kitandani pale wa kunishika mkono alikuwa mama wa mtu mwingine. Wewe ulikuwa wapi? Unashona! Nimemeza yote hayo, nikaja kwako na mtoto, ukanipima mtoto kama mteja. Ulijua kunichana mdomo wazi, ukajua kunichana na mdomo umefungwa. Fundi kweli wewe."

Maneno ya kukata maini, na yalikuwa mengi kuliko haya. Jirani mmoja akatoka nje kusikiliza, na binti hakujali. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Jibu alikuwa nalo. Nililijua mpaka nukta, kwa maana nimelisikia wiki nzima: ile homa, lile dirisha, hakuna aliyegonga. Niliona linampanda, kama siku ile ya gunia la mkaa. Midomo ilikuwa wazi, haina kitu cha kuizuia. Akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Kweli," akasema. "Kweli, mwanangu."

Binti akayamaliza yote. Kila alipovuta pumzi, mama alisema kweli, na hakuna siku nyingine niliyomwona mwanamke yule anafanya kazi ngumu vile. Binti akauchukua ule mfuko mkononi mwa mama yake.

"Nimechoka," akasema. "Nendeni." Akafunga mlango.

Tukabaki tumesimama pale uani na zile nguo kwenye kamba. Ndipo tukasikia pazia la dirisha, na sauti ya mtoto ndani.

"Mama, yule fundi analia."

Kisha sauti ya binti, kali, ya mtu anayegombeza: "Si fundi yule. Ni bibi yako. Na utoke hapo dirishani."

Fundi akanishika mkono, kucha zikanizama. "Umesikia?"

"Nimesikia. Gonga!" nikamwambia. "Gonga sasa hivi, atafungua!"

Akauinua mkono mpaka ukafika mlangoni, vidole vimekunjwa tayari kugonga. Akausimamisha hapo. Kisha akaushusha, akajipangusa uso kwa kiganja, akageuka.

"Ameniambia niende," akasema. "Leo inatosha."